Kilo Moja na Nusu ya Beseni

Bi Zarina alizikwa Alhamisi, nami nikafika Kahama Jumamosi. Nilichelewa kwa sababu Ijumaa nzima niliitumia kujiuliza kama nilikuwa na haki ya kwenda. Sikuwa ndugu yake. Nilifanya kazi katika chumba cha nyuma cha duka lake mwaka mmoja tu, miaka ya tisini ilipokuwa inaelekea ukingoni, na tangu hapo tulikuwa watu wa kutumiana salamu za Idi na Krismasi. Lakini Shirini, mtoto wa kaka yake, alikuwa ameniambia kwenye simu, "Shangazi ameacha kitu chenye jina lako, Dada Vero. Hataki nikitume kwa basi." Alisema "hataki", kana kwamba marehemu yuko jikoni anatusikiliza, na neno hilo moja ndilo lililonitoa nyumbani.

Sebuleni walikuwa wamemaliza kusoma khitma. Nilikaa pembeni kwenye mkeka, nikapewa pilau, nikawa nawaza kama nimekaa upande unaofaa na kama mtandio wangu ni mfupi mno kwa msiba wa Waislamu. Mwanamke mmoja mrefu, wa umri wa miaka ishirini na kitu, alipita na sinia la vikombe vya chai. Shirini akaniuliza, "Huyu unamkumbuka? Doto wa Mama Kulwa." Niliangalia mkono uliobeba sinia, mkono mnene wenye afya, nikajikuta nakadiria uzito wake. Kilo sitini na tano, labda sabini. Mtu mwingine angeuliza habari za mama yake. Mimi nilikuwa napima.

Mwaka ule nilipotoka chuo kikuu nilikuwa na cheti kipya, viatu pea moja, na woga wa kila kitu. Niliogopa kukosea, na nilipokuwa sijakosea niliogopa kwamba nimekosea na sijajua. Bi Zarina aliuza daftari, kalamu, bahasha na karatasi za kudurufia barabara ya kwenda Nyahanga. Nyuma ya duka kulikuwa na chumba chenye dirisha moja, kompyuta mbili, printa iliyolia kama cherehani mbovu, na juu ya meza, sanduku la mninga ambalo zamani lilikuwa la kuwekea vitambaa vya baba yake. Ndani ya sanduku zilipangwa disketi, na kila disketi ilifungwa na kadi yake kwa mpira. Chumba kilinuka wino na tangawizi. Asubuhi Bi Zarina alichemsha chai ya maziwa kwenye jiko la mafuta ya taa, Mama Kulwa, muuza maandazi, akaja na ndoo yake, mtoto mgongoni, na mpaka saa nne meza nzima ilikuwa imejaa makombo niliyoyafuta kwa hofu yasiingie kwenye mashine.

Lile sanduku ndilo lililonileta. Fundi mmoja wa redio wa Shinyanga alikuwa ameandika programu ya kutunza rejista, watu wakaiita Daftari, naye akaacha maandishi yake ya ndani wazi ili yeyote anayejua ayasome, ayabadilishe na kuyagawa. Wengine wakaanza kuongeza vipande. Mwalimu wa sekondari aliandika kipande cha mahudhurio, karani wa pamba akaandika cha majina ya wakulima, mtu wa visima akaandika cha kina cha maji. Hakuna aliyelipwa, na hakuna aliyekuwa bosi. Masharti ya Bi Zarina yalikuwa mawili tu: ukichukua kipande ukakirekebisha, rudisha nakala sandukuni; na kila kipande kiwe na kadi. Kadi zake zilikuwa zile ngumu za maktaba alizokuwa akiuza dukani, zenye mistari sita: jina la kipande, aliyeandika, aliyebadilisha, kinahitaji nini, kimejaribiwa wapi, kisitumike kwa kazi gani. Nyuma palikuwa patupu. "Nyuma ni pa mwandishi mwenyewe," aliniambia siku ya kwanza. "Aandike anachotaka. Mbele ni pa sanduku."

Kazi yangu ilikuwa kutunza kadi hizo na kuhakikisha kipande kibovu hakiingii. Mtu mwingine angeifurahia kazi hiyo. Mimi ilininyima usingizi. Niliona mmoja ameandika tarehe kwa kuanza na mwaka, mwingine kwa kuanza na siku. Karani wa pamba jina lake halikuwepo kabisa, palikuwa na "Baba Neema" tu. Mwalimu kwenye mstari wa "kinahitaji nini" alikuwa ameandika "subira". Na huko nyuma, Mungu wangu, watu waliandika barua: salamu, malalamiko ya umeme, habari ya ng'ombe aliyezaa. Nikawaza, mtu wa Bariadi akichukua disketi hii atajuaje lipi ni la programu na lipi ni la ng'ombe? Nilikuwa na hoja. Hata leo naamini nilikuwa na hoja, na hilo ndilo linaloniudhi.

Kwa wiki mbili nilitengeneza kadi mpya. Ilikuwa na mistari kumi na minane, imechapwa mbele na nyuma, na chini yake niliandika kwa herufi kubwa: MSTARI WOWOTE USIACHWE WAZI. Bi Zarina alivaa miwani, akaigeuza kadi, akaigeuza tena. "Pa mwandishi pako wapi?" aliuliza. Nikamwambia yote muhimu yamewekewa mstari wake. Akasema, "Haya. Wewe ndiye uliyesoma. Ila zile za zamani usizitupe. Karatasi yenye mwandiko wa mtu haitupwi." Akanipa kopo la biskuti la kuziwekea. Nikaanza kunakili kadi moja baada ya nyingine, kutoka miandiko ya watu kwenda kwenye mistari yangu, na kila niliyoimaliza ilinipa utulivu wa dakika kumi.

Masanja alikuja siku ya mvua kubwa, suruali imekunjwa hadi magotini. Alikuwa mganga wa zahanati moja karibu na mwalo wa wavuvi wa Nkome, huko ziwani, na watu wote walimwita Daktari. Zahanati haikuwa na kompyuta. Aliandika vipande vyake mchana kwenye ofisi ya wanunuzi wa samaki, jenereta la barafu lilipokuwa likiwaka, na alisafiri siku nzima kuja kuvileta. Kipande chake cha Uzito kilikuwa tayari sandukuni, na kadi yake ya zamani ilikuwa imeandikwa nyuma yote kwa mwandiko mdogo kama wa sisimizi, na kunuka dagaa. Nilikuwa nimeshainakili. Nilitaka tu anijazie mistari iliyobaki.

"Dada Msomi," alisema akiwa amesimama barazani anakamua shati, "hii ni kadi au ni fomu ya kuposa?"

"Ni viwango, Daktari."

"Viwango. Mstari wa kumi na moja unaniuliza mazingira ya uendeshaji. Mazingira yangu ni inzi na sangara. Niandike?"

"Andika aina ya kompyuta."

"Nyeupe." Bi Zarina alicheka mpaka akashika meza. Masanja akaongeza, "Ilikuwa nyeupe. Sasa ina rangi ya mafuta ya samaki."

Mstari wa kumi na nne uliuliza kama kipande kimejaribiwa katika vituo zaidi ya kimoja. Hapo hakufanya mzaha. Aliishika kalamu, akaniangalia, akauliza taratibu, "Unataka niandike nini?"

"Ukweli. Ila usiache wazi. Ukiwa wazi kipande kinatolewa sandukuni."

Akaandika "Ndiyo". Wakati ule niliona ni mtu aliyejibu swali. Sasa najua nilichokiona. Huku kwetu jirani akikuletea chakula, sahani yake hairudishwi tupu. Ukikosa kitu kabisa utatia hata viazi viwili juu yake, maana kumrudishia mtu sahani tupu ni kumwambia hana thamani. Ndivyo walivyonirudishia kadi zangu wote, Masanja, Baba Neema, mwalimu wa subira. Nilikuwa nimewapa sahani yenye sehemu kumi na nane na kukataza uwazi, nao kwa adabu wakaweka kitu kila sehemu. Zilipopangwa sandukuni zilipendeza sana. Sijawahi kuona kadi zilizojaa namna ile.

Mwezi uliofuata nesi mkuu wa kliniki ya watoto ya Nyahanga, mama mmoja wa sauti kubwa aliyeitwa Mama Ngusa, alikuja kuomba msaada. Kadi za kliniki zilikuwa zimekwisha wilayani, akina mama wanakuja na vijidaftari vilivyolowa mvua, naye hawezi tena kujua mtoto gani amepanda uzito na yupi ameshuka. Alikuwa na orodha ya mwezi uliopita kwenye karatasi, ataleta ya mwezi huu, mimi niingize zote mbili na mashine imtolee majina ya watoto walioshuka zaidi ya kilo moja. Kipande cha Uzito kilikuwa kinafanya hasa hivyo. Nilitoa kadi yake. Mistari kumi na minane, yote imejaa. Nilifungua hata maandishi yake ya ndani, nikahakikisha juu kuna jina, tarehe na namba ya toleo kama kanuni yangu ilivyotaka. Nilisoma kichwa, mwili sikuusoma. Orodha ya zamani niliiingiza moja kwa moja kwenye Daftari, ya mwezi ule nikaipitisha kwenye kipande, na printa ikalia kwa muda mrefu. Karibu nusu ya watoto wa kliniki walikuwa wamekonda.

Hakuna aliyeshangaa. Mvua zilikuwa zimekataa kuacha, mihogo imeoza mashambani, malaria kila nyumba. Mama Ngusa aliichukua orodha akitikisa kichwa. Kesho yake asubuhi alisimama barazani kwa Bi Zarina, wateja wamejaa, akamwita Mama Kulwa aliyekuwa anatoa maandazi kwenye ndoo.

"Mama Kulwa, watu wa ofisi unawalisha wananenepa. Mtoto wako anakula nini?"

"Ananyonya, nesi. Anakula uji. Jana amekula matobolwa ya viazi mpaka nikamnyang'anya."

"Mashine inasema ameshuka kilo na robo kwa mwezi mmoja."

Mama Kulwa alimgeuza mtoto kutoka mgongoni, akamshika mbele yetu sote. Doto alikuwa na mwaka na miezi miwili, mashavu yameng'aa kwa mafuta. "Mashine imemwona?" aliuliza.

Mtu mmoja alicheka. Mama Ngusa hakucheka. Aliandika cheti cha kumpeleka kwenye mgao wa unga wa lishe, akakichana kutoka kwenye kitabu chake mbele ya watu wote, akampa. Ni lazima niseme hapa jambo ambalo wote barazani walilijua. Mama huyu aliitwa Mama Kulwa kwa sababu alizaa pacha, na kwetu wa kwanza ni Kulwa na wa pili ni Doto. Kulwa alifariki akiwa na miezi minne. Kwa hiyo kila aliyemwita kwa heshima alimtajia mtoto aliyemzika, na mgongoni alibeba yule aliyebaki. Kumwambia mwanamke huyo hadharani kwamba huyu naye anakonda mikononi mwake ni kumwambia jambo ambalo lilikuwa tayari limemjaa kichwani. Siku ile hakuchukua sahani zake alizotugawia maandazi. Nilimwona kutoka dirishani akienda kwa haraka, mkono mmoja umerudi nyuma umemshika mtoto makalioni, kana kwamba mtu anataka kumchomoa.

Nilijua. Sijui kama ni neno sahihi, lakini nilianza kuwa na shaka siku ile ile, kwa sababu nilikuwa nimemwona yule mtoto kila asubuhi na macho yangu hayakukubaliana na karatasi yangu. Jumanne nilichapa orodha yote, si ya walioshuka tu. Nikaipitia kwa rula. Hapakuwa na mtoto hata mmoja aliyeongezeka. Hata mjukuu wa Mama Ngusa, ambaye alikuwa hawezi kupita mlangoni kwa unene, alikuwa ameshuka. Hata katika njaa kuna mtoto mmoja anayenenepa, niliwaza. Kisha nikawaza kinyume: pengine mizani ya kliniki imeharibika. Pengine nimekosea kuingiza orodha ya kwanza. Pengine nikisema halafu ikawa si kweli, nesi ataacha kuamini orodha hata ya watoto wanaokonda kweli, na hao watakufa kwa ajili yangu. Jumatano nilihesabu upya kwa mkono. Alhamisi asubuhi ndipo nilipofungua kopo la biskuti, nikaitafuta kadi iliyonuka dagaa.

Nyuma yake, baada ya salamu kwa Bi Zarina na habari ya jenereta, na kabla ya mzaha kuhusu mke wa mnunuzi wa samaki, Masanja alikuwa ameandika hivi: "Mizani ya watoto imekatika kamba tangu Pasaka, tunapimia ile ya samaki, mtoto anakaa kwenye beseni. Beseni ni kilo moja na nusu, kipande kinalitoa chenyewe. Asiye na beseni aufute mstari wa nne wa kipande." Kliniki ya Nyahanga ilikuwa na mizani nzuri ya kuning'iniza na suruali yake ya kitambaa, na kila asubuhi nesi aliirudisha kwenye sifuri. Kila mtoto wa Nyahanga nilimkata uzito wa beseni la samaki ambalo hakuwahi kukalia.

Nilipotoka mbio barazani na kadi mkononi kumtafuta Mama Kulwa, nilimkuta Bi Zarina anazungumza na jirani. "Umemkosa," alisema. "Mama mkwe wa Mama Kulwa amekuja asubuhi kutoka Geita. Amesikia habari. Amemchukua mtoto. Amesema, 'Mmoja mlimzika, huyu namchukua, kwangu kuna maziwa.'" Nikasimama. Nikampa kadi. Akaisoma nyuma yake polepole, akasogeza midomo. Nilitaka anigombeze. Aliivua miwani akasema, "Tangu lini umejua kuna kasoro?"

"Jumanne."

"Leo Alhamisi."

"Nilitaka kuwa na hakika, Bi Zarina."

"Na Mama Kulwa, yeye alipewa siku ngapi za kuwa na hakika?" Akafunga duka mchana kweupe, jambo ambalo sikuwahi kuliona, tukaenda wote wawili Nyahanga kwa miguu, kwanza kliniki, kisha kwa Mama Kulwa. Mama Ngusa alipoelewa alikaa chini kwenye benchi la wagonjwa. Mama Kulwa hakukaa. Alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni, blauzi yake imelowa kifuani kwa maziwa, akauliza jambo moja tu: "Utakuja kumwambia bibi yake kwa mdomo wako?"

Barabara ilikatika kwa mvua, mimi na Mama Kulwa tukasafiri Jumatatu. Alikuwa amefunga michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye kitambaa, akala vipande viwili, akanisogezea kitambaa bila kunitazama, nami nikala huku nikitunga hotuba. Nilikuwa na hotuba ya maneno rahisi kuhusu kompyuta, na nyingine ya maneno rahisi zaidi. Nje kidogo ya mji wa Geita tulimkuta bibi uani, Doto amekaa miguuni pake anachezea kikombe cha bati. Baba Kulwa, mtoto wa bibi, alikuwa ametoka kwenye shimo la dhahabu, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi, amesimama kando ya ukuta kama mgeni kwao. Tulipiga magoti, tukamwita mama kwa Kisukuma. "Shikamoo, mayu." "Marahaba." Mama Kulwa alinyoosha mikono. Doto alimtazama, akageuza uso, akaufukia kwenye kanga ya bibi. Siku nne tu. Nimekaa na watu wengi waliolia mbele yangu tangu wakati huo, lakini uso wa mwanamke yule ambaye hakulia ndio ninaouona.

Hotuba zote mbili zilinikimbia. Nilisema, "Bibi, mtoto hakukonda. Karatasi ilikosea."

"Karatasi ya wiki iliyopita imesema amekonda," bibi alijibu. "Leo imesema amenenepa. Kesho itasema amefanya nini?"

"Si karatasi, bibi. Nimekosea mimi."

"Wewe nani?"

Baba Kulwa ndiye aliyesema kwa sauti ndogo, "Mama, apimwe. Apimwe kwa mizani unayoiamini." Bibi akafikiri, akaamka, akamfunga Doto mgongoni mwake yeye mwenyewe. Tukamfuata sokoni kwa mwanamke muuza dagaa aliyeitwa Mama Shija. Bibi akasema, "Huyu hajanidanganya miaka sita." Alipoelezwa, Mama Shija alimwaga dagaa kwenye turubai, akalipangusa beseni kwa kanga, akalitundika tupu kwenye mizani yake. Akaitazama kwa makini na kutaja uzito: kilo moja na nusu kasoro kidogo. Kisha Doto akawekwa ndani. Alifurahi sana, akapiga ukingo wa beseni kwa viganja, magamba yamemganda mapajani. Mama Shija akataja uzito wote, akatoa uzito wa beseni, akatangaza uliobaki. Ulikuwa uleule alioandika Mama Ngusa kwa mkono wake kabla mashine haijauona, na zaidi kidogo.

"Sasa toa beseni tena," nilimwambia.

"Nitoe mara ya pili? Nimwibie mtoto?" Wanawake wa dagaa wakacheka, mmoja akapiga kofi.

"Ndicho nilichofanya mimi," nikasema.

Bibi aliniangalia kuanzia viatu hadi nywele. "Umesoma mpaka wapi, binti?"

"Chuo kikuu."

"Na huko hawana beseni." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayepata habari za nchi ya mbali. Kisha akamtoa Doto kwenye mizani, akamkabidhi mkwewe mbele ya soko zima, akasema kwa Kisukuma na kurudia kwa Kiswahili ili nami nisikie, "Mchukue mwanao, mayu. Nilikuaibisha. Mwaibishaji mwingine ni huyu hapa." Doto alilia njia nzima ya kurudi uani. Alikubali kunyonya jioni, na hapo ndipo Mama Kulwa alipolia.

Tuliporudi Kahama nilizichana kadi zangu mpya. Bi Zarina alinizuia nilipofika ya sita. "Usifanye fujo juu ya fujo," alisema. Tukakaa tukachagua: mistari minane ilibaki, kwa kuwa baadhi ya hoja zangu zilikuwa za kweli, tarehe zikaandikwa kwa namna moja, na kila mtu akaruhusiwa kuandika "sijui" na kuheshimiwa. Nyuma pakarudi kuwa patupu. Na kila kipande kipya, kabla hakijaingia sandukuni, nilikaa na aliyekileta tukakipitia mstari kwa mstari, yeye akinieleza alikiandikia wapi, mbele ya nini, kwa kifaa gani. Ilichukua mchana mzima kwa kila kipande. Niligundua kwamba mtu anayekuambia habari ya ng'ombe aliyezaa yuko njiani kukuambia kwa nini kipande chake hakihesabu ndama.

Masanja alikuja mwezi mmoja baadaye. Alikuwa amesikia. Alikaa kwenye kiti changu, akala maandazi matatu, halafu akauliza swali ambalo nilikuwa nalisubiri kila siku. "Dada, ile sehemu ya beseni. Uliisoma wakati unanakili, au hukuiona?"

"Sikuiona," nilisema. "Mwandiko ulikuwa mdogo."

Akaitikia kwa kichwa. "Kosa langu pia. Niliandika ndiyo, na kimejaribiwa Nkome tu." Alisema hivyo ili kunipunguzia, nami nikamwacha anipunguzie. Bi Zarina alikuwa anapanga bahasha kwenye rafu. Hakugeuka. Mwisho wa mwaka nilipata kazi Dodoma nikaondoka, na kwa miaka yote hiyo nimekuwa mtu wa kukagua lebo, maelezo na kumbukumbu za mifumo ya watu wengine, na wenzangu husema Vero ni mkali kwa sababu anajali. Masanja alifariki kabla sijamwandikia. Nilianza barua zaidi ya kumi.

Baada ya khitma Shirini alinipeleka chumba cha nyuma. Siku hizi ni stoo ya madaftari. Sanduku la mninga lilikuwa juu ya meza ileile, na pembeni yake kopo la biskuti limefungwa kwa uzi. Doto alitufuata na chai yangu niliyoiacha. Nilikata uzi. Kadi ya juu kabisa ilikuwa ile ya Masanja. Harufu ya dagaa ilikuwa imekwisha. Niliigeuza, na chini ya sentensi ya beseni nikakuta bado upo mstari wa penseli, umepigwa kwa rula, na pembeni yake neno moja kwa mwandiko wangu wa ujana, herufi zilizosimama wima kwa woga: "hadithi". Nilikuwa nimeisoma, na nilijua hivyo nilipomjibu Masanja. Nilikuwa nimeipigia mstari, nikaamua ni hadithi, nikaiacha. Kumbe Bi Zarina, siku ile barazani alipoisoma polepole akisogeza midomo, aliliona neno hilo mbele ya macho yake, na aliponisikia namwambia Masanja kwamba sikuiona, akaendelea kupanga bahasha.

Chini ya kadi hiyo palikuwa na kadi mpya, ya maktaba, ya mistari sita. Kwenye mstari wa "aliyeandika" Bi Zarina alikuwa ameandika "Vero". Mistari mingine yote aliiacha wazi. Niliigeuza. Nyuma palikuwa patupu.

"Unatafuta kitu, shangazi?" Doto aliniuliza.

"Kalamu."

Alichomoa yake nyuma ya sikio, chini ya mtandio, akanipa, akabaki amesimama pale na chai inapoa. Nilikaa. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikutunga kwanza kichwani. Niliandika: "Daktari Masanja, niliisoma." Kisha nikamsogezea Doto kiti, kwa kuwa yaliyobaki yalikuwa marefu na yeye naye alistahili kuyasikia, nikaendelea kuandika huku nikiyasoma kwa sauti.